KARANI WA GARSEN: Nafasi Ndogo Iliyo Ndani ya Injini

Juma lililopita nilizungumza nanyi habari za kutunza daftari la chama cha wakulima. Juma hili nataka kuzungumza juu ya kitu kionekanacho kuwa mbali sana na daftari, lakini mtakapofika mwisho mtaona ya kuwa ni jambo lile lile. Nataka kuwaeleza habari za nafasi ndogo mno iliyo ndani ya injini, ambayo chama chetu kiliidharau, na kwa kuidharau kikapoteza msimu mzima.

Najua wako watakaosema, "Bwana Karani, kazi yako ni kalamu, mambo ya injini wayajulia wapi?" Neno hilo ni la haki. Mimi si fundi. Lakini mimi ni katibu wa chama chenye pampu moja tu, na sahihi iliyomruhusu fundi wa kwanza alipwe ni yangu. Mtu aliyetia sahihi juu ya jambo asilolijua hana budi kujifunza, ijapokuwa amechelewa.

Kwa wale wasioijua nchi yetu, Garsen ni mji mdogo ulio kando ya Mto Tana, mahali ambapo barabara itokayo Malindi kwenda Lamu hukutana na ile ya kupanda Hola na Garissa. Mto wetu ndio mrefu kuliko yote ya Kenya. Hupita katikati ya nchi kavu ukiwa umejaa maji mekundu ya udongo wa bara, kisha humwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Wazee wetu wa Kipokomo walilima kwa kufuata mafuriko: mto ulipofurika na kurudi, walipanda katika tope lililobaki. Lakini siku hizi mafuriko hayaji kwa desturi ile ya zamani. Mara huja kwa hasira, mara hayaji kabisa. Kwa ajili hiyo mkulima wa leo ategemea pampu, na pampu yategemea injini.

Na ubaya wa injini kufa katika nchi kavu si hadithi kwetu. Mradi mkubwa wa Bura, ulioanza kutoa mazao mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulipata maji yake kwa pampu za dizeli zilizowekwa Nanighi. Mara nyingi pampu hizo ziliharibika, na pampu iliposimama, pamba ya wakulima ilisimama pia. Kama miradi ya Serikali yenye wahandisi ilipata taabu hiyo, sembuse kikundi kidogo chenye injini moja iliyo chini ya paa la makuti?

Sasa nirudi kwa habari yetu. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Niño zilileta mafuriko makubwa, na injini yetu yenye silinda tatu ikazama siku kadhaa kabla hatujaweza kuifikia. Maji yalipopungua tuliifungua kizibo cha oili, yakatoka maji na tope jekundu. Hapakuwa na njia nyingine ila kuifungua yote, kuisafisha na kuiunda upya.

Tulimwita fundi mmoja kutoka mbali. Simtaji jina, wala mji atokako. Alifanya kazi usiku na mchana, na kwa siku mbili injini ikanguruma. Watu walipiga makofi, nami nikaandika hati ya malipo. Siku ya kumi na moja injini ilianza kugonga kwa sauti nzito, oili ikavuja mbele na nyuma, na kabla ya adhuhuri ikakwama. Migomba yetu michanga ilikuwa na majani matatu tu, na mboga za akina mama zilikuwa zimeanza kutoa maua. Zilikauka mbele ya macho yetu, na mto unapita hatua hamsini tu kutoka hapo.

Yuko kijana mmoja wa kijiji chetu aliyejifunza kazi ya ufundi katika chuo. Wazee hawakumpa kazi mara ya kwanza kwa sababu walimwona angali mtoto. Safari hii fedha zilikuwa zimekwisha, naye alikubali kulipwa baada ya mavuno. Aliifungua injini mbele yetu sote, nami nikakaa juu ya pipa na daftari langu, nikiandika kila alichokiona. Maelezo yafuatayo ni yale aliyonifundisha.

NAFASI HII NI NINI?

Ndani ya injini umo mtaimbo mzito wa chuma uliopindwa-pindwa, uitwao krankishafti, ambao mafundi huuita kwa kifupi krenki. Pistoni hupanda na kushuka, na krenki hugeuza mwendo huo uwe wa kuzunguka. Krenki hulala juu ya beringi kuu. Hizo huizuia isiruke juu wala chini, lakini haziizuii isiteleze mbele na nyuma. Kazi ya kuizuia isiteleze ni ya washa nyembamba zenye umbo la nusu-mwezi, zikaazo pande mbili za beringi kuu moja. Krenki ina mabega mawili mahali hapo, na mabega hayo husukumana na washa hizo.

Kati ya bega na washa lazima pawe na nafasi kidogo, na nafasi hiyo ndiyo inayoiwezesha krenki kusogea mbele na nyuma kwa kiasi kidogo sana. Fikirini mlango wa mbao. Seremala akiukaza sana katika fremu yake wakati wa kiangazi, mvua zikija mbao huvimba na mlango hukwama. Akiulegeza sana, upepo huupigiza usiku kucha hadi bawaba zing'oke. Ndivyo ilivyo krenki. Chuma kikipata moto hutanuka, na oili nayo yataka mahali pa kupita ili ifanye utando baina ya vyuma viwili. Nafasi ikiwa ndogo mno, utando hukosekana, chuma hula chuma, na injini hukwama. Nafasi ikiwa kubwa mno, krenki hugonga kama nyundo, sili za oili huharibika, na koneki rodi husukumwa upande.

Mafundi hugawanya inchi moja katika sehemu elfu. Kwa injini ya aina yetu kitabu chasema nafasi iwe kati ya sehemu 2 na sehemu 15, yaani takriban kati ya milimita 0.05 na milimita 0.38. Kwa makarani wenzangu nitasema hivi: karatasi moja ya kawaida ya ofisini ina unene wa karibu milimita 0.1. Basi nafasi yote ni kutoka nusu ya unene wa karatasi moja hadi unene wa karatasi nne zisizotimia. Lakini kila injini ina kitabu chake. Msichukue kipimo cha injini yetu mkakitia katika yenu.

ALICHOKIONA KIJANA

Kabla ya kufungua beringi, kijana aliisukuma krenki kwa mtaimbo mdogo, ikaenda mbele na kurudi nyuma zaidi ya milimita moja na nusu, mwendo ambao hata mtoto angeuona kwa macho. Alipofungua, alitwaa washa moja akatuonyesha. Upande mmoja wa washa huwa laini, wenye mifereji midogo ya kupitishia oili. Huo lazima uelekee bega la krenki. Upande wa pili ni chuma kitupu, nao huelekea bloku au kofia ya beringi. Fundi wa kwanza alikuwa amezigeuza washa za chini. Chuma kitupu kilikuwa kimesugua bega la krenki siku kumi na moja bila oili ya kutosha, hata kikalichimba.

Tena aliona kosa la pili. Injini yetu huzungusha pampu kwa kapulingi, na kapulingi ile ilikuwa imepigwa nyundo mpaka nusu zake mbili zikagusana kabisa. Kila injini ilipopata moto na vyuma kutanuka, krenki ilisukumwa bila kupumzika. Hata washa zilizowekwa sawasawa haziwezi kustahimili mzigo wa namna hiyo. Wenye matrekta nao wajihadhari: dereva anayeweka mguu juu ya klachi mchana kutwa huisukuma krenki vivyo hivyo.

Krenki ilipelekwa Mombasa kuchongwa upya mabega yake. Iliporudi ikawa safi, lakini kwa kuwa chuma kimepunguzwa, nafasi ilikuwa imeongezeka. Na hapa ndipo tulipojaribiwa.

JINSI YA KUPIMA

Kwanza kijana aliosha kila kitu, kwa maana chembe moja ya mchanga wa Tana chini ya washa hudanganya kipimo. Akapaka oili safi, akaziweka washa za juu katika bloku, mifereji ikielekea krenki. Akailaza krenki, akaweka kofia za beringi pamoja na washa za chini, akazikaza nyinginezo zote kwa spana ya kipimo kama kitabu kisemavyo. Lakini ile yenye washa aliiacha imekazwa kidogo tu. Akaisukuma krenki mbele, kisha nyuma, ili washa za juu na za chini zikae katika mstari mmoja. Ndipo alipoikaza kofia hiyo ya mwisho. Mtu akiikaza bila kufanya hivyo, washa moja yaweza kubeba mzigo wote peke yake. Kisha akaizungusha krenki kwa mkono, nayo ikazunguka kwa ulaini.

Baada ya hapo alileta saa ya kupimia, yenye uso mfano wa saa ya mkononi na sindano ndogo inayotokeza. Aliifunga juu ya bloku kwa sumaku, akaielekeza sindano yake kwenye ncha ya krenki, sambamba kabisa na urefu wake. Ikikaa mshazari, kipimo huwa cha uongo. Aliisukuma krenki nyuma mpaka mwisho, akageuza uso wa saa mpaka mkono ukaonyesha sifuri. Kisha akaisukuma mbele mpaka mwisho, akasoma. Alirudia mara tatu, nami nikaandika mara tatu: 24, 24, 24.

Asiye na saa hiyo aweza kutumia fila geji, zile bapa nyembamba za chuma zilizofungwa pamoja kama kurasa za kitabu, kila moja na unene wake. Isukume krenki upande mmoja mpaka mwisho, kisha jaribu bapa moja baada ya nyingine baina ya bega na washa upande wenye nafasi. Ile inayoingia kwa kukwaruza kidogo bila kulazimishwa ndiyo kipimo. Kijana alijaribu kwa njia hii pia, akapata jibu lile lile.

KARATASI MBILI

Kitabu charuhusu 15, nasi tumepata 24. Kijana akasema ya kuwa lazima tuagize washa nene zaidi, ambazo huuzwa kwa ajili ya krenki zilizochongwa, na ya kuwa zingefika kwa basi siku ya Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatatu.

Mama mwenyekiti wetu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, migomba haijui vipimo. Ile iliyobaki haitafika Ijumaa. Funga injini tupate maji."

Mzee mmoja akaniuliza, "Karani, tofauti ni kiasi gani?"

Nikamjibu, "Sehemu 9 za elfu, baba. Ni kama unene wa karatasi mbili."

Akasimama kwa hasira, akasema, "Je, tutanyimwa maji kwa ajili ya karatasi mbili?"

Ndugu zangu, siwezi kuficha ya kuwa moyo wangu ulikuwa upande wa mzee. Shamba langu nami lilikuwa limekauka. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, kwa maana si rahisi kwa mtoto wa kijiji kuwapinga wazee waliomlea. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, nikifunga leo mtapata maji. Lakini nafasi huanza kuongezeka tangu siku ya kwanza. Mkianza nje ya kipimo, hamna akiba ya kula."

Hapo nililifungua daftari langu katika ukurasa wa malipo ya fundi wa kwanza, nikausoma kwa sauti: tarehe aliyokabidhi injini, fedha alizopewa, na tarehe ambayo injini ilikwama. Kisha nikawauliza, "Katika karatasi hii, ni wapi palipoandikwa kipimo chochote?" Hapakuwa na mahali. Mama mwenyekiti akakaa kimya, halafu akasema, "Basi tungoje. Akina mama watachota kwa ndoo."

Wakachota kwa ndoo siku nne. Baadhi ya migomba ilikufa, wala sitasema uongo kwamba haikufa. Siku ya Ijumaa washa zilifika. Kijana alizipima unene moja moja kwa maikrometa, kila moja ikiwa na sehemu 7 zaidi ya zile za kawaida. Akaziweka pande zote mbili, zikapunguza nafasi kwa sehemu 14. Alipopima kwa saa, mkono ukaonyesha 10. Niliiandika tarakimu hiyo na kuizungushia duara, kisha kijana akatia sahihi chini yake, nami nikatia yangu. Kapulingi ikafungwa upya kwa kuacha nafasi baina ya nusu zake mbili. Injini hiyo yafanya kazi hata leo ninapoandika.

MASHAURI MACHACHE

Kama kipimo chenu kitakuwa kidogo mno badala ya kikubwa, msiilazimishe injini kwa kusema kwamba itajilegeza yenyewe. Fungueni tena mwangalie: huenda kuna uchafu nyuma ya washa, huenda kofia ya beringi imekaa upande, au mmeuziwa washa zisizo za injini hiyo.

Wenye injini ndogo za silinda moja wajue ya kuwa nyingi kati yake hazina washa za nusu-mwezi. Nafasi hupangwa kwa gasketi nyembamba zilizo kati ya nyumba ya beringi na bloku. Ukiongeza gasketi nafasi huongezeka, ukipunguza nayo hupungua. Ukifungua injini ya namna hiyo, hesabu gasketi ulizozikuta, wala usizitupe kabla ya kuandika idadi yake na unene wake.

Kwa injini ambayo haijafunguliwa, zima moto, kisha mtu mmoja akanyage na kuachia klachi, na mwingine atazame puli ya mbele. Ikionekana wazi kwenda mbele na nyuma, mwiteni fundi mapema. Dalili nyingine ni mgongo wa sauti nzito injini inapozunguka polepole, oili kuvuja penye sili, na vumbi la chuma linalong'aa ndani ya oili mnapoimwaga. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

La mwisho ni lile nililoliahidi mwanzoni. Chama chetu sasa kina ukurasa mmoja katika daftari, nao una kichwa kisemacho VIPIMO. Fundi yeyote akiifungua injini, halipwi mpaka ameandika ndani yake kipimo cha kitabu, kipimo alichokikuta na kipimo alichokiacha, kisha atie sahihi. Hii si kumdharau fundi. Fundi mwema hufurahi kuulizwa, kwa sababu jibu analo. Asiyepima ndiye akasirikaye.

Wengi wetu tuliosoma tulidhani ya kuwa kazi ya kalamu huanzia ofisini na kuishia ofisini. Mimi nimejifunza kando ya Mto Tana ya kuwa tarakimu moja iliyoandikwa mahali pake yaweza kuwapa watu maji, na ya kuwa ukurasa mtupu waweza kuwakaushia shamba. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaeleza habari za kuhifadhi dizeli isiingie maji. Mpaka hapo, nendeni mkatazame injini zenu.